Kufuata Njia ya Petroli katika Pikipiki

Bila shaka umewahi kuona pikipiki ikizimika njiani. Dereva hushuka, hupiga kiki mara nyingi, jasho humtoka, lakini injini haiwaki. Wapita njia husimama, na kila mmoja hutoa shauri lake. Mmoja husema, "Badilisha plagi." Mwingine husema, "Kabureta imeharibika." Wa tatu husema, "Isukume mpaka iwake." Ni nani kati yao asemaye kweli? Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyechunguza.

Katika somo hili utajifunza namna ya kuchunguza. Utafuata njia ya petroli kutoka katika tangi hadi ndani ya injini, na katika kila mahali utauliza swali moja: Je, petroli imefika hapa?

Pikipiki katika Mkoa wa Pwani

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Mji huu upo kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Kisarawe ni wilaya nyingine ya mkoa huo huo, na mji wake upo katika vilima vya Pugu. Katika wilaya hizi mbili vipo vijiji vingi vilivyo mbali na barabara kuu. Huko pikipiki hubeba abiria, mihogo, mkaa, machungwa, dawa na wagonjwa. Pikipiki ikizimika, si dereva peke yake apataye taabu.

Nyingi za pikipiki hizi ni za zamani, au ni mpya lakini zimetengenezwa kwa muundo wa zamani. Mfano mmoja ni Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970. Viwanda vingi vya China viliufuata muundo wa injini yake. Kwa sababu hiyo, mtu aielewaye vizuri pikipiki moja ya aina hii aweza kuzielewa nyingine nyingi. Zipo pia pikipiki za kisasa ambazo hazina kabureta. Hizo hupewa petroli kwa pampu ya umeme, na uchunguzi wake ni tofauti. Hapa tutazungumzia zile zenye kabureta.

Njia ya petroli

Maji ya Mto Ruvu husafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu uliopo Mlandizi, Kibaha. Mradi uliozinduliwa mwaka 2020 huyafikisha maji ya Ruvu hadi mji wa Kisarawe. Kisarawe ipo juu vilimani, kwa hiyo pampu zenye nguvu hutumika kuyapandisha maji hayo.

Pikipiki ya zamani haina pampu ya petroli. Tangi lake limewekwa juu, na injini ipo chini. Petroli hushuka yenyewe kwa nguvu ya uvutano wa dunia, kama vile maji yanavyoshuka kutoka katika tangi la shule lililojengwa juu ya mnara.

Petroli hupita mahali hapa, kwa utaratibu huu:

1. Tangi, lenye kifuniko juu yake.
2. Koki, ambayo hufungua na kufunga njia.
3. Chujio, ambalo huzuia uchafu.
4. Mpira wa mafuta, ambao huunganisha koki na kabureta.
5. Kabureta, ambayo huchanganya petroli na hewa.
6. Silinda ya injini, ambamo cheche ya plagi huwasha mchanganyiko huo.

Chora njia hii katika daftari lako. Andika namba kuanzia 1 hadi 6. Utaitumia mchoro huo mpaka mwisho wa somo.

Tahadhari kabla ya kuanza

Petroli hugeuka kuwa mvuke kwa urahisi sana. Mvuke huo hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya mahali penye bonde au shimo. Cheche ndogo tu yaweza kuuwasha, hata kama petroli yenyewe ipo hatua nyingi kutoka penye cheche.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori lililobeba petroli lilipinduka katika eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu wengi walikwenda kuchota petroli iliyomwagika. Miongoni mwao walikuwamo waendesha pikipiki. Moto ulilipuka ghafla, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kwa hiyo, ukiona petroli imemwagika, usiisogelee. Ondoka, na uwaonye wenzako.

Shika kanuni hizi:

(a) Wewe mwanafunzi usishike petroli. Majaribio yote ya somo hili hutumia maji na mafuta ya kula tu. Pikipiki yenyewe ichunguzwe na fundi au mtu mzima, nawe utazame kutoka mbali kidogo.
(b) Kazi ifanyike nje, mahali penye hewa nyingi, mbali na jiko, sigara na taa ya moto.
(c) Injini ipoe kwanza. Petroli ikidondokea injini yenye joto kali yaweza kuwaka.
(d) Mtu yeyote asinyonye petroli kwa mdomo. Ni sumu, na ikiingia katika mapafu huleta ugonjwa mbaya.
(e) Moto wa petroli usimwagiwe maji. Sababu yake utaiona katika Jaribio la 2. Hutumika mchanga mkavu au kizima moto kinachofaa.

Hewa ndani ya tangi

Tazama kifuniko cha tangi la pikipiki. Ndani yake kuna tundu dogo au njia nyembamba ya hewa. Watu wengi hawalijui tundu hilo. Je, lina kazi gani?

Jaribio la 1

Vifaa: Chupa ya plastiki yenye kifuniko, msumari mwembamba, ndoo na maji.

Njia: Toboa tundu dogo ubavuni mwa chupa, karibu na kitako. Liziba kwa kidole, kisha jaza maji na ufunge kifuniko kwa nguvu. Shikilia chupa juu ya ndoo, halafu ondoa kidole. Je, maji yanatoka? Sasa legeza kifuniko polepole. Je, unaona nini? Mwisho, toboa tundu dogo katikati ya kifuniko. Kifunge tena kwa nguvu, kisha liziba na kulizibua tundu hilo kwa kidole mara kadhaa.

Matokeo: Kifuniko kikiwa kimefungwa, maji hutoka kidogo tu, kisha husimama. Ukikilegeza, maji hutiririka. Ukiziba na kuzibua tundu la kifuniko, maji husimama na kutiririka kama unavyotaka wewe.

Maelezo: Hewa inayotuzunguka husukuma vitu vyote, pande zote. Kusukuma huko huitwa kanieneo ya hewa. Maji yakitoka katika chupa, nafasi huongezeka juu ya maji yaliyobaki. Kama hewa nyingine haiingii kujaza nafasi hiyo, hewa iliyomo huwa hafifu, na kanieneo yake hupungua. Hewa ya nje, ambayo sasa ina nguvu zaidi, huyazuia maji yasitoke kupitia tundu la chini.

Jambo hilo hilo hutokea katika pikipiki. Tundu la kifuniko likizibwa na matope au vumbi, petroli hushuka kwa muda mfupi, kisha huacha kushuka ingawa tangi limejaa. Injini hufifia na kuzimika. Dereva akingoja, hewa kidogo hupenya pembeni mwa kifuniko, petroli hushuka tena, na injini huwaka. Baada ya mwendo mfupi huzimika tena. Dalili hii imewafanya madereva wengi kununua vipuri ambavyo havikuhitajika.

Koki na petroli ya akiba

Koki ya pikipiki ina mahali patatu: kufungua, kufunga na akiba. Watu hudhani kwamba akiba ni tangi jingine dogo. Sivyo. Petroli yote imo katika tangi moja.

Ndani ya tangi, juu ya koki, husimama kijibomba chembamba. Koki ikiwa mahali pa kufungua, petroli huingia kupitia ncha ya juu ya kijibomba hicho. Petroli ikipungua mpaka chini ya ncha hiyo, haiingii tena, na injini huanza kufifia. Dereva akigeuza koki kwenye akiba, petroli huingia kupitia tundu lililo chini kabisa. Kwa njia hiyo, kijibomba humwonya dereva kabla petroli haijakwisha kabisa.

Hapa kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, dereva akisahau koki kwenye akiba siku zote, hatapata onyo. Pili, maji na uchafu hukaa chini ya tangi. Kwa hiyo petroli ya akiba ndiyo ichukuayo uchafu mwingi zaidi.

Umbo la tangi nalo lina maana. Matangi mengi hukaa juu ya bomba la fremu kama tandiko mgongoni mwa punda, sehemu moja kulia na nyingine kushoto. Koki ipo upande mmoja tu. Petroli ikiwa kidogo, yaweza kubaki upande usio na koki. Dereva ajuaye jambo hili huilaza pikipiki taratibu kuelekea upande wa koki, ili petroli iliyobaki ivuke. Katika miteremko ya Kisarawe pia, petroli kidogo yaweza kukimbilia mbele ya tangi na kuiacha koki kavu.

Maji na uchafu

Maji huingiaje katika petroli? Yaweza kuingia kwa mvua, kifuniko kikiwa hakifungi vizuri. Yaweza pia kutoka hewani. Usiku unapokuwa na baridi, unyevu wa hewa iliyomo ndani ya tangi hugeuka matone, kama umande juu ya majani. Tangi lililoachwa nusu tupu kwa majuma mengi hukusanya maji, na maji hayo huleta kutu. Vipande vya kutu huziba chujio.

Jaribio la 2

Vifaa: Chupa ya kioo au plastiki inayopitisha mwanga, maji na mafuta ya kula.

Njia: Mimina maji mpaka robo ya chupa. Ongeza mafuta ya kula kiasi hicho hicho. Funga chupa na uitikise kwa nguvu. Iweke juu ya meza na uiache kwa dakika kumi.

Matokeo: Maji hukaa chini na mafuta hukaa juu. Mpaka kati yao huonekana wazi.

Maelezo: Maji na mafuta havichanganyiki, na mafuta ni mepesi kuliko maji. Petroli nayo ni hivyo. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, lakini lita 1 ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Kwa hiyo maji yaliyomo katika tangi huzama mpaka chini, yaani mahali penye koki. Sasa waweza kueleza kwa nini maji hayazimi moto wa petroli. Petroli inayowaka huelea juu ya maji, na maji huisambaza mbali zaidi.

Fundi hutumia elimu hii. Hukinga petroli kidogo katika chupa safi, huiacha itulie, kisha huitazama dhidi ya mwanga. Maji huonekana kama matone au tabaka chini ya chupa.

Lakini chupa haiwezi kuonyesha kila kitu. Mafuta ya taa huchanganyika na petroli kabisa, wala hakuna mpaka unaoonekana. Kwa muda mrefu mafuta ya taa yaliuzwa kwa bei ndogo, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na petroli au dizeli. Wananchi waliuita udanganyifu huo uchakachuaji. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, ilianza kutumia vinasaba. Vinasaba ni kemikali maalumu zinazowekwa katika mafuta halali, ili wakaguzi waweze kuyatambua mafuta yaliyochanganywa. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa iliongezwa ili kupunguza tofauti ya bei. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli. Injini iliyopewa mchanganyiko huo huwaka kwa taabu na hutoa moshi.

Kazi ya kabureta

Petroli peke yake haiwezi kuwaka ndani ya injini. Lazima ichanganywe na hewa kwa kipimo. Gramu 1 ya petroli huhitaji karibu gramu 15 za hewa. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi na plagi huwa nyeusi kwa masizi. Ikipungua, injini hukosa nguvu, huruka-ruka na kuzimika. Kazi ya kupima ni ya kabureta.

Chini ya kabureta kuna bakuli dogo. Ndani yake huelea boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano fupi inayoziba mlango wa kuingilia. Petroli ikipungua, boya hushuka, sindano hufungua, na petroli nyingine huingia. Kifaa cha namna hii huonekana pia katika matangi ya maji ya nyumbani. Sindano ikinata ikiwa imefunga, bakuli huwa tupu. Ikishindwa kufunga kwa sababu ya punje ya mchanga, petroli hufurika na kudondoka chini.

Je, petroli hupandaje kutoka katika bakuli kwenda penye hewa?

Jaribio la 3

Vifaa: Glasi ya maji na mirija miwili ya kunywea soda.

Njia: Simamisha mrija mmoja katika maji, ncha yake ya juu iwe juu kidogo ya uso wa maji. Shika mrija wa pili ukiwa umelala, ncha yake iguse ncha ya juu ya mrija uliosimama. Sasa puliza kwa nguvu.

Matokeo: Maji hupanda katika mrija uliosimama, kisha hutawanyika kama manyunyu.

Maelezo: Pumzi yako inayopita kwa kasi juu ya mrija huichukua hewa iliyo penye ncha yake, na kanieneo ya mahali hapo hupungua. Hewa iliyo juu ya maji katika glasi huyasukuma maji yapande. Katika kabureta, hewa hupita katika njia iliyobanwa katikati. Inapopita mahali palipobanwa, huongeza kasi na kanieneo yake hupungua. Petroli ya bakuli hupanda na kutawanyika. Giovanni Battista Venturi, mwanasayansi wa Italia, aliandika juu ya mwendo wa namna hii mwaka 1797, kabla ya kuwapo pikipiki yoyote.

Petroli hupanda kupitia matundu membamba sana yaliyotobolewa katika vipande vya shaba nyeupe. Mafundi huviita jeti. Jeti ndogo huipa injini petroli inaponguruma polepole. Jeti kubwa huipa petroli dereva anapovuta mafuta ili aende kasi. Pikipiki ikikaa muda mrefu bila kutumika, petroli ya bakuli hukauka na kuacha utando unaonata kama ulimbo. Utando huo huziba jeti. Jeti ndogo huziba kwanza, kwa kuwa tundu lake ni jembamba zaidi. Jeti isizibuliwe kwa waya. Waya huongeza ukubwa wa tundu, na kipimo cha kabureta huharibika. Hutumika hewa ya pampu.

Hatua za uchunguzi

Sasa tuunganishe yote tuliyojifunza. Fundi mwema huanza na jambo jepesi, lisilo na gharama, kisha huendelea kwenye jambo gumu. Habadilishi vitu viwili kwa wakati mmoja, kwa sababu pikipiki ikiwaka hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

Hatua ya 1. Uliza injini ilizimikaje. Injini inayokosa petroli mara nyingi hufifia kwanza, huruka-ruka, kisha hufa. Injini inayokosa cheche mara nyingi hukatika ghafla.

Hatua ya 2. Tazama ndani ya tangi na uitikise pikipiki. Je, petroli imo? Je, koki imefunguliwa? Jaribu akiba.

Hatua ya 3. Legeza kifuniko cha tangi na usikilize. Kama hewa inaingia kwa mlio wa kufyonza, na baada ya muda mfupi injini inawaka vizuri, tundu la kifuniko limeziba.

Hatua ya 4. Fundi afungue plagi baada ya kupiga kiki mara kadhaa. Plagi ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, petroli inafika, na ubovu yafaa utafutwe kwenye cheche au kwenye kabureta inayofurika.

Hatua ya 5. Fundi avue mpira wa mafuta penye kabureta na kufungua koki juu ya chupa safi. Petroli ikitiririka vizuri, njia ya juu ni nzima. Ikidondoka tone moja moja, au isitoke kabisa, koki, chujio au mpira umeziba. Petroli ya chupa iachwe itulie, ili maji na kutu vionekane.

Hatua ya 6. Kama petroli imefika kwenye kabureta, fundi afungue skrubu iliyo chini ya bakuli na kukinga kitokacho. Kama hakitoki kitu, sindano ya boya imenata. Kama yanatoka maji, bakuli lisafishwe. Kama petroli safi inatoka, jeti ndizo zenye kushukiwa.

Choki pia hutoa habari. Choki hupunguza hewa, na hivyo huongeza kipimo cha petroli. Injini ikikubali kwenda choki ikiwa imefungwa tu, maana yake inapata petroli kidogo kuliko inavyohitaji.

Mfano wa uchunguzi

Tuseme mwuguzi wa zahanati moja katika Wilaya ya Kisarawe amechukua chanjo mjini. Chanjo zimo katika kisanduku cha baridi chenye barafu. Nyingi za chanjo hutakiwa kukaa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Sentigredi. Kina mama na watoto wachanga wanamngoja. Katikati ya safari pikipiki yafifia na kuzimika. Baada ya dakika chache yawaka, yaenda kidogo, kisha yazimika tena. Jua ni kali, na barafu inayeyuka.

Mpita njia amshauri anunue kabureta mpya. Lakini mwuguzi aamua kufuata njia ya petroli. Injini ilififia, haikukatika ghafla, kwa hiyo ashuku petroli kabla ya cheche. Angoja injini ipoe kidogo, kisha alegeza kifuniko ili atazame ndani ya tangi. Petroli imo zaidi ya nusu, na koki imefunguliwa. Lakini wakati wa kulegeza kifuniko alisikia hewa ikifyonzwa ndani. Apiga kiki mara mbili, na injini yawaka. Achunguza kifuniko na kuona kwamba tundu limejaa matope makavu. Azima injini, asafisha tundu kwa kijiti chembamba, afunga kifuniko na kuendelea na safari.

Hakutumia spana wala fedha. Kabureta aliyoambiwa aibadilishe ilikuwa nzima. Kama angeibadilisha, pikipiki ingezimika tena, na chanjo zingeharibika.

Kuitunza njia ya petroli

Kifuniko cha tangi kisafishwe kila pikipiki inapooshwa. Chujio litazamwe mara kwa mara, na mpira uliopasuka ubadilishwe kabla haujavuja. Chujio la hewa lisafishwe, hasa wakati wa kiangazi barabara za vijijini zinapojaa vumbi. Pikipiki isiyotumika kwa muda mrefu ifungwe koki, na petroli ya bakuli itolewe. Petroli inunuliwe kituoni, si katika chupa za kando ya barabara ambazo hujulikani zilikuwa na nini.

Mambo ya kukumbuka

Petroli ya pikipiki ya zamani hushuka kwa nguvu ya uvutano. Haiwezi kushuka vizuri kama hewa haiingii katika tangi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini. Kabureta huchanganya petroli na hewa kwa kipimo. Mtu anayetafuta ubovu huanza tangini na kufuata njia mahali hata mahali, mpaka afike mahali ambapo petroli haikufika. Ubovu upo kati ya mahali hapo na mahali pa mwisho ambapo petroli ilionekana.

Maswali

1. Kwa nini pikipiki ya zamani haihitaji pampu ya petroli?
2. Katika Jaribio la 1, ni nini kilichoyazuia maji yasitoke kifuniko kilipofungwa?
3. Pikipiki ya Kibaha iliachwa nje wakati wote wa masika, tangi likiwa nusu tupu. Sasa huwaka, kisha huzimika mara tu koki inapogeuzwa kwenye akiba. Unadhani kuna nini chini ya tangi? Fundi atahakikishaje?
4. Pikipiki nyingine huenda vizuri kwa kasi, lakini huzimika kila inaponguruma polepole. Ni sehemu gani ya kabureta ungeishuku kwanza? Eleza.
5. Plagi ya pikipiki imekutwa imelowa petroli. Je, kuna haja ya kusafisha koki? Toa sababu.
6. Kwa nini fundi hatakiwi kubadilisha plagi na kabureta kwa wakati mmoja?

Kazi ya kufanya

Pamoja na mwalimu wako, tembeleeni fundi wa pikipiki aliye karibu na shule. Mwombeni awaonyeshe kabureta iliyofunguliwa na kukaushwa. Tafuteni boya, sindano na jeti. Mwulizeni ni ubovu gani auonao mara nyingi zaidi wakati wa masika, na ni upi wakati wa kiangazi. Andikeni majibu yake katika daftari, kisha elezeni sababu kwa kutumia yale mliyojifunza.